Nukta, Mkato na Mtunzaji: Maktaba za Aina za Data na Usalama wa Mgonjwa

Muuguzi wa wodi ya watoto wachanga mjini Bujumbura anapoandika kwamba mtoto ana uzito wa kilo 2,4 hajakosea. Ndivyo alivyofundishwa shuleni, kwa desturi ya Kifaransa inayotenga desimali kwa mkato. Mwenzake wa Dar es Salaam ataandika 2.4, kwa nukta, naye pia hajakosea. Kosa huzaliwa baadaye, pale takwimu za wodi hizo mbili zinapounganishwa na kusomwa na programu iliyoandikwa kwa lugha ya Perl. Panapotakiwa namba, Perl hupokea maandishi yoyote, husoma tarakimu kuanzia mwanzo hadi inapokutana na alama isiyoitambua, kisha huyaacha yaliyobaki. Kwa hiyo 2.4 hubaki 2.4, lakini 2,4 hugeuka kuwa 2. Ikiwa dawa hutolewa kwa kipimo cha miligramu 5 kwa kila kilo, mtoto wa Dar es Salaam atahesabiwa miligramu 12 na wa Bujumbura miligramu 10, ingawa uzito wao ni mmoja. Sehemu moja ya sita ya dozi imepotea na hakuna aliyeshtuka. Kama mwandishi wa programu alikumbuka kuwasha maonyo, mstari mmoja wa onyo utaandikwa katika faili ambalo huenda halisomwi na mtu yeyote, na hesabu itaendelea kama kawaida.

Neno lisilo na tarakimu hata moja hutendewa vibaya zaidi. Mtaalamu wa maabara akiandika "haijapimwa" katika safu ya hemoglobini, Perl huisoma kuwa sifuri. Mgonjwa asiyepimwa damu anageuka kuwa mgonjwa asiye na damu, na wastani wa wodi nzima unashuka pamoja naye.

Ulegevu huu haukutokana na uzembe. Perl, iliyotolewa na Larry Wall mwaka 1987, ilikusudiwa tangu mwanzo kuchambua maandishi yaliyovurugika: ripoti, orodha, mafaili yenye mpangilio usiotabirika. Lugha za skripti za namna hiyo humwamini mwandishi wake na kumwachia aende haraka. Sayansi ya tiba imefaidika sana na haraka hiyo. Mwaka 1996 Lincoln Stein, mmoja wa wataalamu wa habari za kibiolojia wa wakati ule, alichapisha makala mashuhuri yenye kichwa kinachodai kwamba Perl iliuokoa mradi wa jenomu ya binadamu, kwa kuwa ndiyo iliyoviunganisha vituo mbalimbali vilivyokuwa vikihifadhi data zao kwa mifumo isiyosikilizana. VEP, chombo cha mradi wa Ensembl unaoendeshwa na Taasisi ya Ulaya ya Bioinformatiki huko Hinxton, Uingereza, kimeandikwa kwa Perl, na hutumika duniani kote kutafsiri maana ya mabadiliko ya vinasaba. Hii si lugha ya makumbusho. Iko kazini, na majibu yake huwafikia wagonjwa.

Ili kuziba pengo la ulegevu huo, watumiaji wa Perl walijijengea walinzi. Mwaka 2006 ulitolewa mfumo uitwao Moose, ambao pamoja na mambo mengine ulimwezesha mwandishi wa programu kutangaza kwamba sehemu fulani ya rekodi sharti iwe ya aina fulani: namba kamili, namba yenye desimali, maandishi, orodha, au aina yoyote aliyoibuni mwenyewe, kama vile "uzito wa mtoto mchanga". Thamani isiyotimiza sharti hukataliwa mlangoni, na programu husimama badala ya kuendelea na uongo. Baadaye kikaja kifurushi cha MooseX::Types, kilichotatua tatizo la majina. Katika Moose majina ya aina huwekwa kwenye daftari moja la pamoja, hivyo vifurushi viwili vikitangaza kila kimoja aina iitwayo "Umri" hugongana, mithili ya wagonjwa wawili wenye jina moja waliopewa faili moja. Mwaka 2013 kikatokea Type::Tiny, kifurushi chepesi zaidi kinachofanya kazi hiyo bila kumlazimisha mtu kutumia Moose. Sehemu kubwa ya kazi ya kifurushi hicho imefanywa na mtu mmoja.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalostahili kuwashughulisha waganga. Hospitali hutenga fungu la kununua seva, kompyuta na leseni. Vyuo vikuu hutenga fungu la kuandika programu mpya, na wafadhili huzipenda programu mpya. Maktaba ndogo inayolinda mlango wa data, ambayo bila hiyo programu zote hizo zingekuwa zikimeza mikato na maneno matupu, haina fungu, haina cheo, na kwa kawaida haina hata mtu mmoja ndani ya taasisi anayejua inatunzwa na nani. Makala haya yanashikilia kwamba utunzaji wa maktaba za namna hiyo ni kazi ya usalama wa mgonjwa, na kwamba taasisi za afya zinazozitumia zinapaswa kushiriki kuzitunza, badala ya kuzipokea tu kama maji ya mvua.

Wanaodhani kwamba jambo hili ni dogo wakumbuke yaliyotokea mahali ambapo mlinzi hakuwapo. Vuli ya mwaka 2020 nchini Uingereza, wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 hawakuingia katika hesabu za kila siku kati ya tarehe 25 Septemba na tarehe 2 Oktoba, kwa sababu mafaili yao yalipitishwa katika muundo wa zamani wa Excel unaokoma kwenye safu mlalo 65,536. Zilizozidi ziliachwa kimya kimya, na waliokuwa karibu na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Mwaka huohuo kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya vinasaba vya binadamu ilitangaza kwamba imebadilisha majina ya vinasaba kadhaa kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe: SEPT1 ikawa SEPTIN1, na MARCH1 ikawa MARCHF1. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuwa umeonyesha kwamba karibu moja ya tano ya makala za jenomu zilizoambatanisha orodha za vinasaba za Excel zilikuwa na majina yaliyoharibika hivyo. Wanasayansi walishindwa kuifundisha programu kwamba jina la kinasaba si tarehe. Wakaona ni rahisi zaidi kubadilisha majina ya vinasaba vyenyewe. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazaidi wa gharama ya data isiyo na aina.

Hata hivyo kuwepo kwa mlinzi hakutoshi, kwa sababu mlinzi naye ana maoni, na maoni yake yanaweza kuwa hatari wodini. Mfano ulio bora ni aina iitwayo Bool, yaani aina ya ndiyo na hapana. Katika Moose, na katika Type::Tiny pia, aina hiyo hukubali thamani nne: moja, sifuri, maandishi matupu, na thamani isiyojazwa kabisa. Tatu za mwisho zote huhesabiwa kuwa "hapana". Kwa mwandishi wa programu wa Perl huo ni utaratibu wa kawaida usiomsumbua. Kwa daktari ni jambo la kutisha. Mgonjwa asiyeulizwa kama penisilini humdhuru, na mgonjwa aliyeulizwa akajibu kwamba haimdhuru, wanapita mlango uleule na kuketi kiti kimoja. Mlinzi amewakagua wote wawili na kuwapa cheti. Hakuna kosa lililofanyika kwa mujibu wa sheria za maktaba, na hilo ndilo linalofanya kosa hili lisionekane hata na mkaguzi mwangalifu.

Dawa yake inajulikana na ni rahisi: kwa swali la tiba isitumike Bool, bali itangazwe aina yenye majibu matatu yaliyotajwa kwa majina, yaani ndiyo, hapana, na hajaulizwa. Maktaba zote zilizotajwa zinaruhusu jambo hilo kwa mstari mmoja au miwili. Lakini nani atakayeandika mistari hiyo, na nani atakayejua kwamba inahitajika? Mwandishi wa programu hajawahi kumpokea mgonjwa aliyevimba koo baada ya sindano. Daktari hajawahi kusoma ufafanuzi wa Bool. Maarifa mawili yanayohitajiana yanakaa katika majengo mawili, mara nyingi ndani ya chuo kimoja.

Mwaka 2013 watunzaji wa Moose walikabili swali ambalo kila mganga angelitambua. Aina ya Num, yaani namba, ilikuwa ikipokea vitu ambavyo kwa Perl ni namba lakini kwa mtu wa kawaida si namba: alama ya "kisicho namba", alama ya ukomo usiofikika, na namba zilizozungukwa na nafasi tupu. Waliamua kukaza sharti. Kuanzia toleo la 2.10, Num ikavikataa vitu hivyo, na waliotaka ulegevu wa zamani wakatengewa kifurushi chao cha pembeni, MooseX::Types::LaxNum. Watunzaji wa Type::Tiny wao walichagua njia nyingine: waliweka aina mbili, ya kulegea na ya kukaza, wakaliacha jina la Num limaanishe ile ya kulegea isipokuwa mtumiaji aombe vingine.

Nani alikuwa sahihi? Kwa mtazamo wa usalama wa data za afya, waliokaza. Thamani ya "kisicho namba" ikiingia katika jumla ya matokeo ya maabara huiambukiza jumla nzima, na kila kinachokokotolewa kutokana nayo. Lakini waliolegeza hawakuwa wajinga. Kila sharti linapokazwa, programu fulani mahali fulani iliyokuwa ikiendeshwa bila tatizo husimama ghafla, pengine usiku, pengine katika maabara yenye fundi mmoja aliye likizoni. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha hemoglobini kinachotenganisha mtoto mwenye upungufu wa damu na asiye nao, kwa umri wa miezi 6 hadi 23, kutoka gramu 110 hadi gramu 105 kwa lita. Siku ya pili yake hakuna mtoto aliyekuwa amebadilika, lakini madaftari yalipaswa kubadilika, na takwimu za jana hazikuweza tena kulinganishwa na za kesho bila maelezo. Mtunzaji wa maktaba hufanya uamuzi wa uzito huo, kwa watu asiowajua na mifumo asiyoiona, bila kamati ya wataalamu na bila posho ya kikao.

Kazi nyingi ya utunzaji, hata hivyo, haina maamuzi makubwa ya namna hiyo. Inafanana na kliniki ya shinikizo la damu: mgonjwa yuleyule, kipimo kilekile, mwaka baada ya mwaka, na mafanikio yake ni kwamba halikutokea lolote. Toleo jipya la Perl hutoka kila mwaka, na kila toleo linaweza kuvunja kitu. Perl 5.18 ya mwaka 2013 ilibadilisha mpangilio wa funguo katika majedwali ya ndani ili ubahatishwe upya kila programu inapoanza, kwa sababu za kiusalama. Vifurushi ambavyo majaribio yake yalitegemea mpangilio wa zamani, bila hata watunzaji wake kujua, vikaanza kufaulu asubuhi na kufeli jioni. Daktari aliyewahi kufuatilia homa inayokuja na kuondoka anajua jinsi ugonjwa wa namna hiyo unavyochosha kuliko ule usiokatika. Miaka minne baadaye Perl 5.26 iliacha kutafuta vifurushi katika folda ambamo programu inaendeshwa, nayo ilikuwa hatua ya busara, kwani mtu mbaya angeweza kutega faili humo. Vifurushi vingi vikashindwa kusimikwa hadi watunzaji wake walipovirekebisha. Ambaye kifurushi chake kilikuwa kimetelekezwa alibaki na lugha ya zamani, pamoja na tundu lake la usalama.

Kuna pia mtunzaji wa pili, asiyejulikana hata kidogo. Mfumo wa Debian, uliotumika kwenye seva nyingi za vyuo na hospitali, hauchukui maktaba kama ilivyotoka mikononi mwa mwandishi wake. Wapo watu wa kujitolea wanaoifungasha: MooseX::Types huitwa humo libmoosex-types-perl, na Type::Tiny huitwa libtype-tiny-perl. Hao hukagua leseni, huendesha majaribio kila Perl inapobadilika, na toleo thabiti la Debian likishatangazwa hupitisha marekebisho ya lazima peke yake bila kubadilisha tabia ya kifurushi. Kwa hospitali yenye intaneti ya kusuasua, uthabiti huo una faida kubwa kuliko wingi wa vipengele vipya. Ndani ya Debian uko hata mradi wa Debian Med, ulioanzishwa mwaka 2002 mahsusi kwa ajili ya programu za tiba na utafiti wa uhai. Milango iko wazi kwa waganga kuingia na kusaidia. Wanaoingia ni wachache.

Ipo hoja kwamba mtaalamu wa afya hana la kuchangia katika mambo haya. Hoja hiyo haina msingi, na ugonjwa wa selimundu unatosha kuivunja. Badiliko la kinasaba linalosababisha selimundu liko katika kromosomu ya 11. Katika ramani ya jenomu iitwayo GRCh37 liko kwenye nafasi ya 5,248,232. Katika ramani mpya ya GRCh38 liko kwenye nafasi ya 5,227,002. Namba zote mbili ni namba kamili, zote ni chanya, zote ni sahihi, na sharti la kawaida la aina litazipitisha zote. Programu iliyopewa nafasi ya ramani moja ikaitafuta katika ramani nyingine itasoma herufi isiyohusika, na kumtangaza mgonjwa kuwa mzima. Hata jina la badiliko lenyewe lina mtego. Vitabu vya zamani huandika kwamba asidi ya glutamiki ya nafasi ya 6 imebadilishwa kuwa valini. Utaratibu wa kimataifa wa sasa huandika nafasi ya 7, kwa sababu huihesabu pia methionini ya mwanzo, ambayo mwili huiondoa protini inapokomaa. Mwanafunzi aliyesoma kitabu na mashine iliyosoma utaratibu wanazungumzia badiliko lilelile kwa namba tofauti.

Maktaba ya aina inaweza kulinda hapo pia, ila si kwa aina ya "namba kamili". Inahitajika aina iitwayo "nafasi katika GRCh37" na nyingine iitwayo "nafasi katika GRCh38", zisizoweza kubadilishana bila hatua ya wazi ya kutafsiri. Hapana mwandishi wa maktaba ya jumla atakayezibuni hizo. Zitabuniwa na mtu anayejua kwa nini zinatofautiana. Muhimbili, ambako utafiti wa selimundu una mizizi ya miaka mingi, ilikuwa miongoni mwa vituo vya H3ABioNet, mtandao wa bioinformatiki wa Afrika ulioanza mwaka 2012. Ujuzi huo umo ndani ya kanda hii. Kinachokosekana ni kuutambua uandishi na utunzaji wa aina hizo kama kazi ya kitaaluma.

Lipo jambo jingine ambalo daktari huliona upesi kuliko fundi: ujumbe wa kosa. Moose ikiikataa thamani, hueleza kwamba ukaguzi umeshindikana, na hutaja thamani yenyewe iliyokataliwa. Kwa fundi huo ni msaada mkubwa, kwani anaiona hitilafu papo hapo. Lakini iwapo thamani iliyokataliwa ni namba ya kliniki ya mgonjwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, basi namba hiyo sasa imeandikwa katika kumbukumbu za seva, mahali ambapo sheria za usiri wa mgonjwa hazikufika na ambapo kila mwenye nywila ya mfumo anaweza kuisoma. Mlinzi aliyemzuia mgeni mlangoni amepaza sauti kutaja ugonjwa wake. Maktaba hizi humruhusu mtumiaji kuandika ujumbe wake mwenyewe, na hapo faida huwa mbili: siri hutunzwa, na ujumbe unaweza kuandikwa kwa Kiswahili anachokielewa aliye mbele ya kompyuta. "Uzito uandikwe kwa nukta, si kwa mkato" ni sentensi fupi, na ingemtosha yule muuguzi wa Bujumbura.

Wengine watasema kwamba Perl imezeeka, na kwamba jibu ni kuandika kila kitu upya kwa Python. Ushauri huo huwapendeza wanaoomba fedha za miradi. Python ilipata utaratibu rasmi wa kutaja aina mwaka 2015, katika toleo la 3.5, lakini aina hizo ni maelezo tu. Programu inapoendeshwa, Python haizikagui. Anayetaka ukaguzi wa kweli hulazimika kuchukua maktaba ya pembeni, na iliyo maarufu zaidi, pydantic, ilitoa toleo lake la pili mwaka 2023 ambalo liliwalazimu watumiaji wa toleo la kwanza kurekebisha programu zao. Mzigo ni uleule, umebadilishiwa bega. Zaidi ya hayo, programu iliyoandikwa upya hupoteza mara nyingi masharti madogo madogo yaliyokusanywa kwa miaka, kila moja likiwa kumbukumbu ya kosa fulani lililowahi kutokea. Perl ikistahili kuachwa mahali fulani, iachwe kwa mpango, na masharti hayo yahamishwe kwanza.

Gharama ya kumwacha mtunzaji peke yake ilionekana mwezi Machi 2024. Mhandisi Andres Freund, aliyeshangazwa na kuingia kwenye mashine kulikochelewa kwa takribani nusu sekunde, aligundua kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, maktaba ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri. Aliyeupandikiza hakuvunja kufuli. Alijitolea kusaidia, hadi akakabidhiwa sehemu ya utunzaji na mtunzaji aliyekuwa peke yake, aliyekwisha kusema hadharani kwamba amelemewa, huku watu wasiojulikana wakimshinikiza aharakishe. Mchovu alipewa msaidizi mbaya kwa sababu hakuna msaidizi mwema aliyejitokeza. Maktaba za aina za data hazijapatwa na mkasa kama huo, lakini hali iliyouzaa iko palepale: watumiaji wengi, mtunzaji mmoja au wawili.

Hatua za kuchukua si za gharama kubwa. Kitengo cha habari za afya katika hospitali ya rufaa au chuo kinaweza kuanza kwa kuorodhesha maktaba zinazolinda data zake, na kando ya kila moja kuandika lini ilitolewa mara ya mwisho na nani anayeitunza. Kamati za maadili ya utafiti, zinazodai kwa haki kuona fomu ya ridhaa, zinaweza kudai pia kuona jedwali la aina za data: kila safu inakubali nini, inakataa nini, na kisichojulikana kinaandikwaje. Kamati hizo zimezoea kuuliza data zitahifadhiwa wapi. Ni nadra kuuliza zitakaguliwa na nini mlangoni. Na kamati za kupandisha vyeo, ambazo huhesabu makala zilizochapishwa, zinaweza kuhesabu pia marekebisho yaliyopokelewa katika maktaba inayotumiwa na wengine, kwa kuwa nayo hupitiwa na wenzi wa fani kabla ya kukubaliwa, na mara nyingi kwa ukali kuliko makala.

Saa nne kwa wiki za mtaalamu mmoja wa takwimu za afya zingetosha kwa kuanzia. Katika saa hizo angeziendesha programu za hospitali dhidi ya toleo jipya la Perl kabla halijasimikwa, angetuma taarifa ya kosa iliyoandikwa vizuri badala ya malalamiko, na angekaa na daktari mmoja na muuguzi mmoja kupitia masharti yaliyopo. Katika kikao cha kwanza bila shaka wangezikuta aina za Bool zilizowekwa mahali pa swali la mzio, na safu ya uzito iliyotangazwa kuwa maandishi matupu, inayopokea nukta, mkato, na neno "haijapimwa" kwa ukarimu uleule.